Maini Aliyoomba Riziki

Goma, Majengo
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nakisalimu kitanda chako, maana naambiwa siku hizi hamwachani. Umeamkaje? Kifua kimetulia? Usingizi unakuja, au bado unalala macho wazi ukisikiliza mvua kwenye mabati? Mimi nipo, nashukuru Mungu. Mwili mzima, ila nimechoka, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao. Barua hii nampa Mama Sifa, muuza samaki wadogo wa sambaza, anayevuka ziwa kuja huko kwa mashua ya Jumatano. Asifiwe, wewe unayemsomea bibi yako, soma polepole na usiruke mstari. Nakujua.

Kaka Déo alinipigia simu. Amesema daktari amekupima tena, amekuta kifua kimepona, na ameagiza utembee kidogo kidogo. Lakini wewe umegeukia ukuta, hutaki hata kufika uani. Amesema pia kwamba watoto wako wote wanakuuliza, mmoja baada ya mwingine, unatamani nini, na kwamba sasa zamu yangu imefika. Mama, mimi sitakuuliza. Usidhani nina roho ngumu. Sikiliza kwanza yaliyonipata huku, ndipo uninung'unikie.

Kila mara unaniuliza kazi yangu ni kazi gani hasa, na kila mara najibu nusu. Wacha leo nijibu yote. Kuna wafadhili ng'ambo wanaoamini kwamba mtoto mwenye ugonjwa mkubwa, akitimiziwa jambo moja analolitamani kuliko yote, anapata nguvu ya kupambana. Sisi wa huku ndio miguu yao. Tunavaa mashati ya njano, tunafika nyumbani kwa mtoto na juisi na biskuti, tunacheka naye, kisha tunamuuliza: unatamani nini? Na inasaidia, Mama, nimeona kwa macho yangu. Kuna msichana wa mtaa wa Mapendo aliyepata cherehani ndogo, akaanza kula siku ileile.

Ila tangu vita vifike mjini, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafungwa, vitu haviji tena. Kuna mtoto mmoja alitaka kugusa ndege kwa mkono wake. Tulimpelekea picha kubwa ya ndege. Alishukuru kwa adabu, akaiweka chini ya godoro. Siku hizi tunatimiza kile kinachopatikana sokoni, na tukipewa ombi jepesi tunafurahi kupita kiasi. Hapo ndipo tulipokosea na Riziki.

Riziki ana miaka kumi na mmoja. Anaishi Katoyi na mama yake. Walikimbia vita kutoka Masisi, wakamwacha babu na ng'ombe wake, na hadi leo hawajui yuko wapi. Mtoto alitokewa na uvimbe kwenye taya, uso ukapinda upande mmoja. Hospitali wakamwanzishia zile dawa kali za kupitisha mshipani, zinazong'oa nywele na kutapisha. Uvimbe ukaanza kunywea. Daktari alituambia waziwazi: akimaliza dawa, ana nafasi nzuri ya kupona, akiziacha katikati, uvimbe utarudi, na safari hiyo hautasikia dawa yoyote.

Tulikwenda kwao, mimi na mwenzangu wa kazi. Nyumba ya mbao, uani mawe meusi ya volkano, ile ile kama zote za huku. Riziki alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, akitutazama kama watu waliokuja kuhesabu kaya. Nikamuuliza kwa ile sauti yangu ya kazi, ambayo wewe ungeicheka, anatamani nini kuliko vyote.

Kisha akauliza, "Kitu yote?"

"Kitu yote yenye unapenda," nikamjibu.

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Basi nataka maini ya mbuzi."

Mama yake aliinuka akatoka nje. Sisi tukadhani anaona haya, kwamba mtoto kaomba kitu kidogo mbele ya wageni. Tulifurahi, Mama! Hakuna ndege, hakuna mzigo wa kutoka ng'ambo, ni maini tu. Kesho yake tulimnunulia maini mazuri, nikayapika mwenyewe hapa kwangu kwa vitunguu na nyanya, tukampelekea. Aliyala yote, taratibu, bila kumpa mtu. Akanawa mikono, akasema aksanti, akajilaza na kujifunika. Mwenzangu akapiga picha. Papa Leonari, mkubwa wetu, akaituma ng'ambo, nao wakaandika kwamba imewatoa machozi.

Siku ya dawa ilipofika, Riziki alikataa kwenda hospitali. Akabembelezwa, akakataa. Akabebwa, akashika mlango. Mama yake hakuja kwetu kulia. Alikuja biro, ofisini kwetu, akiwa amejifunga kikwembe, kitenge chake, kiunoni, ile namna ya mwanamke anayekuja kupigana.

"Nani alibatuma kuaga mutoto wangu?" akasema, hata hakukaa. "Mama yangu muzee, siku ya mwisho, tulimuuliza vile vile anataka nini. Akasema maini ya mbuzi. Alikula, akalala, hakuamuka. Mutoto alikuwa pale, aliona na macho yake. Ninyi munakuya na mashati yenu, munamuuliza ile ile. Sasa anasema, 'Mama, hapana kunisumbua, miye nilishakula maini yangu.'"

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Kwa sababu mimi si mgeni wa jambo hili. Kwetu mgonjwa akiwa na tumaini anaambiwa kula hiki, kunywa hiki, amka, geuka. Haulizwi. Anaulizwa siku ambayo walio nje ya chumba wamekwisha kutikisa vichwa. Unakumbuka Baba mdogo alipomwinamia Papa, baba yetu, na kumuuliza, "Mukubwa wangu, unatamani nini?" Papa alicheka kidogo, akasema, "Ah. Basi mumeshamaliza." Tulikuwa sote pale. Nikavaa shati la njano, nikasahau niliyoyaona nyumbani kwetu. Watoto wadogo hawaujui huo mwiko, ndiyo maana kazi ilikuwa inakwenda. Riziki aliujua.

Daktari alimwonyesha picha za taya lake, za kabla na za sasa. Hakutazama. Padri akamwombea; akasema amina na kufumba macho. Mama, nilikuwa na hasira na kila mtu: na mtoto kwa ukaidi wake, na mama yake kwa kutotutimua siku ya kwanza, na wale wa ng'ambo wanaolia juu ya picha, na mimi kuliko wote. Siku za dawa zilikuwa zinapita, na kila iliyopita ilikuwa faida ya uvimbe.

Nikarudi Katoyi. Siku hiyo nilikuwa natoka kumzika yule mtoto wa picha ya ndege. Sikuvaa shati la kazi, nilivaa kikwembe cha msiba, viatu vimejaa udongo wa makaburini. Sikubeba juisi. Kusema kweli sikuwa na mpango wowote. Riziki alinitazama tangu juu hadi chini.

"Umekuya kunidanganya tena?" akaniuliza. "Mutu mwenye eko anakufa njo banaulizaka anataka nini. Miye si mutoto mudogo."

Nikakaa kwenye kibao kando ya mama yake, nikavuta ungo, nikaanza kuchambua maharage pamoja naye. Tulikaa hivyo kitambo kirefu, wanawake wawili na maharage yao. Maji ya bugali yakaanza kuchemka. Mama Riziki akanung'unika kwamba mwiko wake ulivunjika jana. Na mimi, kwa uchovu tu, bila kufikiri, kama vile nipo jikoni kwako na wajukuu wamejaa uani, nikageuza kichwa nikasema:

"We Riziki, enda kwa jirani utuletee mwiko. Fanya mbio, maji inachemuka."

Mama yake aliganda na maharage mkononi. Nami nikaganda. Mtoto akajiinua akaketi mkekani.

"Unanituma miye?"

Nimechoka, nimesema, siwezi kurudisha nyuma. "Sasa nani? Kuna Riziki mwingine hapa?"

"Miye niko mugonjwa."

"Ugonjwa iko kwa taya. Kwa miguu kuko nini?"

Ningepigwa na mama yake wakati ule nisingelalamika. Lakini Riziki aliinuka. Akashika ukuta kidogo, akavaa malapa, akatoka. Tukamsikia akikanyaga mawe polepole hadi kwenye uzio, na kule kwa jirani akibisha hodi. Mama Riziki alitaka kumfuata, nikamshika kikwembe. Maji yakachemka, tukatia unga kidogo, tukangoja. Hakurudi. Maji yakapungua, tukaongeza. Hakurudi. Mama yake akawa anachungulia uzio. Ndipo tukasikia kicheko upande wa pili, watoto wawili au watatu, na sauti ya Riziki ikisimulia jambo la hospitali kwa madaha, jinsi daktari anavyotembea.

Mama Riziki akaruka. Akasimama kwenye uzio na kupaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"We Riziki! Nilikutuma mwiko ao nilikutuma kuikala kule? Bugali inaharibika, weye unapiga hadisi! Kuya hapa, ao nitakuvunjia huu uzio kichwani!"

Akarudi mbio, mbio ya mgonjwa, kitambaa kimelegea, anahema, mwiko mkononi. Akaupokea ukali wa mama yake wote mpaka mwisho, kichwa chini, kama mtoto yeyote. Halafu akakaa karibu na moto, akawa anamtazama mama yake anavyosonga.

"Mama," akasema, "umenigombeza."

"Nitakugombeza tena."

"Tangu nigonjwe hamukunigombeza. Hata siku ile nilivunja sahani. Hakuna mutu alinituma hata chumvi." Akafikiri kidogo. "Mutu wa kufa, hapana kumugombeza."

Mama yake aliendelea kusonga ule bugali kwa nguvu mpaka ukawa mgumu kama tofali, na tukaula hivyo hivyo.

Riziki alikwenda kwenye dawa iliyofuata. Alikwenda akinuna, akilalamika kuhusu moto wa jua na harufu ya hospitali, lakini alikwenda. Sitaki kukudanganya kwamba mambo yamenyooka. Dawa ilimpiga vibaya, alitapika, na zile siku zilizopotea daktari anazitaja kila tukionana. Hajui kama uvimbe ulizitumia. Sisi pia hatujui. Ila kila asubuhi anatumwa: maji kidogo, kibiriti, kumwita mtu. Akichelewa anafokewa, na majirani wamezoea.

Nilimwambia Papa Leonari tubadilishe lile swali letu. Akasema wafadhili wamelizoea, wao ndio waliolileta, na huku si wakati wa kuwachosha. Basi. Nitaendelea kupigana naye polepole. Kwa sasa nafanya kwa hila: namvuta mama wa mtoto kando kwanza, namuuliza mtoto huyu alikuwa anatumwa nini kabla ya kuugua. Wengine wanaangua kilio hapo hapo. Naenda nyumbani jioni nikiwa kama nguo iliyokamuliwa, nakula kilicholala, nalala.

Msalimie Kaka Déo na mkewe, na umwambie Déo asinikasirikie nikimwomba awakataze wengine kuuliza lile swali. Msalimie Baba mdogo. Najua naye alikuwa na nia njema kwa Papa, na sijawahi kumwambia. Msalimie Mama mkubwa wa Bagira na magoti yake. Mashemeji wote, na wale wanaokuja kukaa kando ya kitanda chako na nyuso za msibani, wasalimie, halafu wafukuze.

Na sasa, Mama, nina neno moja. Nakumbuka mwezi ule Papa alipofariki, ulivyolala na kugeukia ukuta, ukaamka kwa sababu sisi tulikuwa wadogo na njaa. Leo hakuna mdogo nyumbani. Mtoto hamtumi mzazi, hilo ulinifundisha kwa fimbo, na maisha yangu yote sijakutuma hata kikombe cha maji. Nisamehe. Nakutuma.

Wiki hii, asubuhi moja isiyo na mvua, vaa viatu, uende soko la Kadutu, unichagulie kikwembe cha misa ya Pasaka. Wewe mwenyewe, kwa macho yako. Asifiwe akufuate nyuma tu, asishike mfuko. Ukichoka mlimani, kaa upumue, kisha uendelee. Nataka bluu, yenye maua madogo, na ushike kitambaa uone kama rangi haitoki. Nitapanda mashua kuja kukichukua. Usimtume mtu, na usiniletee kijani. Ukileta kijani, Mama, nitakugombeza mbele ya watu wote.

Binti yako,
Nzigire