Wako Shamba

Dada yangu Tekla,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hadi huku, ile unayoivuta huku jicho liko kwenye chungu. Hamjambo hapo Katindiuka? Kifua cha shemeji kimepona? Na mama huko Mlimba kwa kaka, miguu imempa nafuu au bado anatuficha? Mimi mzima wa afya, ila baridi ya Uholanzi imenivalisha nguo juu ya nguo kama kabichi. Baiskeli ni nyingi kama Ifakara, lakini sijaona hata moja iliyobeba gunia la mpunga, basi naziona kama zinazurura tu.

Barua hii anakuletea padri mmoja wa Mahenge aliyekuwa anasoma huku. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nakujua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia. Umesema Siwema ameshuka tena darasani, na huu ndio mwaka wake wa la saba. Halafu ukacheka: "Kichwa kile ni changu, mdogo wangu. Chako hakikuwafikia wanangu." Ukaongeza kwamba mvua zikikolea wewe na shemeji mtapanda treni kwenda shamba Chita, Siwema abaki na wadogo zake, maana wa kufeli hata umkalie kitako atafeli. Dada, kicheko kile kimeniuma kuliko kama ungelia.

Sasa nisikilize. Uliwahi kuniuliza nasomea nini, nikajibu takwimu, ukasema, "Yaani kuhesabu watu mpaka Ulaya?" Hukukosea sana. Tulikusanya alama za wanafunzi wa shule nyingi, zikiwamo za bonde letu. Tukaingiza kwenye kompyuta umbali wa shule, idadi ya walimu, vitabu, na hali ya nyumbani. Hesabu yenyewe tunaiita modeli. Inalinganisha watoto wanaofanana kwa mengi wakatofautiana kwa jambo moja, ili tuone jambo hilo lina uzito gani.

Kwetu bondeni ikatoa kitu cha ajabu. Mabinti wa kwanza kuzaliwa walikuwa nyuma ya wadogo zao wa tumbo moja. Shule ile ile, mwalimu yule yule, wazazi wale wale. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole sana, akaandika kwenye rasimu kwamba wazazi wakulima wa huko hawathamini elimu ya binti zao wakubwa. Na ripoti hiyo itasomwa na watu wanaoamua wapi pajengwe mabweni na wapi paachwe. Nikawakumbuka baba na mama, nikakasirika. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikauliza wamejuaje. Wakanionyesha swali: wazazi wako wako wapi? Watoto wetu wamejibu kama tulivyokuwa tukijibu sisi: "Wako shamba." Ofisini wakaandika kwamba wazazi wapo nyumbani, ni wakulima. Hata Eliya, Mtanzania mwenzangu wa Moshi, hakuona kasoro.

"Si wako shamba? Sasa tatizo nini?" akaniuliza. "Mama yangu anaingia mgombani asubuhi, mchana yuko jikoni."

"Eliya, kwetu shamba ni kuhama," nikamwambia. "Mtu anabeba sufuria na mkeka, anajenga kidungu cha miti na nyasi, anawinga ndege huko mpaka mpunga uvunwe. Nyumbani wanabaki watoto."

"Na nani?"

"Na dada yao."

Akalisoma swali upya. Msimamizi naye akavua miwani, akauliza huyo dada ana umri gani. Nikamwambia ni mtoto wa shule kama wenzake.

Bahati nzuri kulikuwa na swali jingine ambalo hakuna aliyelitumia: chakula cha jana jioni kilipikwa na nani? Nikachambua majibu ya mabinti wakubwa. Mimi. Mimi. Mimi. Nilipoliingiza hilo kwenye modeli, ile tofauti kati yao na wadogo zao karibu yote ikayeyuka. Binti mkubwa ambaye hapiki wala halei, anasoma kama wenzake. Ile sentensi imefutwa, na mahali pake sasa pameandikwa kwamba bondeni msimu wa shamba unahitaji mabweni na chakula shuleni.

Nilikwenda chooni nikalia, dada. Nilikuona unaniamsha, unanipaka mafuta, unanisukuma nje niwahi namba shuleni, halafu wewe unarudi kubembeleza mtoto. Ulipofeli la saba watu walisema Tekla mzito, na wewe ukaamini. Kaya nzima tukaamini. Mimi nikaitwa mwenye akili kwa uji uliopika wewe. Hukuwa mzito. Ulikuwa mama wa watu watatu na ulikuwa mtoto.

Na Siwema si mzito. Najua shamba haliachiki, mtakula nini? Mama hawezi tena kulea, na jirani ana wake. Kwa hiyo nimekwisha kuomba ruhusa na nimekubaliwa. Kazi yangu iliyobaki ni ya kompyuta, inafanyika hata Katindiuka, umeme ukipenda. Nitafika kabla ndege hawajaanza kushukia mpunga. Wewe na shemeji pandeni treni kwa amani. Wadogo nitawaogesha mimi, ugali nitasonga mimi hata wakiusema una mabonge, na Siwema atashika daftari lake.

Nisalimie shemeji, mwambie kidungu cha mwaka huu kisivuje. Mama akipiga simu, mwambie mwanawe wa Uholanzi anamkumbuka. Jirani yetu aliyekuwa akitugawia moto wa kupikia, mpe shikamoo yangu. Mwalimu wa Siwema naye umsalimie, umwambie asimhamishie kwenye dawati la nyuma.

Usinijibu kwamba nisivuruge masomo yangu. Ya kwako yalivurugika na hakuna aliyekuuliza. Sasa ni zamu yangu.

Mimi mdogo wako, niliyekula mkononi mwako,
Adelina