Kutoka Wajir Mpaka Ulipolala

Dada Mueni,

Leo nimepata barua ya mama yako kutoka Kitui. Anauliza jambo moja tu: kutoka Wajir mpaka hapa Eldas, ulipolala, ni mbali kiasi gani? Nimekaa zahanati, kwenye kiti chako, nimeshindwa kumjibu. Kwa hiyo naanza na wewe.

Wewe ulikuwa na jibu lako. Mgeni akiuliza, ulisema, "Kwa ndege dakika ishirini na tano. Kwa lori siku nzima. Mvua ikinyesha, usiulize." Tulicheka, wewe muuguzi na mimi mfagiaji na mkalimani wako. Basi mvua ikanyesha. Lori halikuonekana karibu mwezi mzima, unga ukaisha kila nyumba.

Tumbo lilipokushika ulijua mwenyewe. "Hili ni la kupasuliwa, Dahabo." Uliita Wajir kwa redio kol, ukajiombea ndege kwa sauti ile ile uliyowaombea wagonjwa wengine. Kisha ukanishika mkono: "Usimwambie mtu. Watu wana njaa, watadhani ndege inaleta unga, watajaa uwanjani."

Nilimwambia mama yangu.

Alinikuta nakata matawi mabichi ya kufukisha moshi, rubani aone upepo unakovuma. Akauliza ni ya nini. Nikasema, "Hooyo, ndege inakuja." Sikusema inakuja kumchukua nani. Nilikuwa na haraka, na nilitaka kuona uso wake ukifurahi, hata mara moja. Mungu anisamehe.

Mama hakumwambia mtu. Alichukua gunia tu akaelekea uwanjani, na majirani wakaliona lile gunia. Ndege ilipotokea, uwanja ulikuwa umejaa watu, mama yangu katikati. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Ondokeni, wallahi kuna mgonjwa!" Wakadhani nataka kuwa wa kwanza kupata unga. Rubani alizunguka mara nne, akakosa pa kutua, akarudi Wajir. Wewe ulikuwa kwenye machela kando ya uwanja, unatazama juu. Nikakuambia, "Bole, dada, bole." Siku zote uliicheka hiyo "bole" yangu, kwa kuwa "pole" hainitoki. Siku hiyo hukucheka.

Wingu likafunga siku mbili. Ya pili ukakata roho, tukakuzika hapa hapa, maana joto halisubiri.

Sasa wanaume wamezungushia uwanja boma la miiba. Muuguzi mpya hajaletwa. Mama yangu bado anakulilia, anasema ndege ile ilikosa bahati. Hajui gunia lake lilifanya nini, na mimi sitamwambia. Ni mzee, na njaa haikuwa kosa lake.

Lakini mama yako nitamwambia. Kesho namwandikia kwamba ni dakika ishirini na tano, na kwamba zilikuwa zinatosha, ila mimi nilifungua mdomo. Naogopa, Mueni. Akitaka kuja baada ya kusoma hayo, nakuahidi ndege yake itanikuta uwanjani, moshi unafuka, na sitakuwa nimemwambia mtu.

Lala salama, dada yangu.

Dahabo wako