Wilaya ya Kanlaya

Wadi Kabir, Muscat

Kaka Nahashon,

Mimi ni mzima, joto tu. Mwambie Mama viatu vilinitosha.

Wewe unafundisha jiografia, kwa hivyo nakusihi ufungue ramani ya Thailand. Kanlaya, mwenzangu pale saluni, amegongwa na gari na hajazinduka. Simu yake ilipondeka. Pasipoti inataja mkoa tu, nimeuandika nyuma ya barua hii, na daktari anataka ndugu zake waitwe upesi.

Najua wilaya yao iko milimani. Ilimegwa kutoka wilaya kubwa babu yake akiwa kijana, kwa sababu watu walichoka kutembea hadi ofisini. Mto unaipasua katikati. Kila asubuhi mkuu wa kijiji hutangaza habari kwa kipaza sauti hadi mbwa wabweke. Lakini jina la wilaya sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nasema tu "huko kwenu".

Itafute, Nahashon, tafadhali. Mama yake hajui lolote.

Velma, ninayelala naye chumba kimoja, nimemfundisha kutaja kijiji chetu, lokesheni yetu na chifu wetu. Kila jioni namuuliza, na kila jioni amesahau.

Dada yako,
Jemimah