Kibuyu cha Mama

Jumapili, 8 Desemba 2024
Nimefika Olenguruone na binti yangu Becky. Jumamosi tunamfanyia Mama ibada ya shukrani – mwaka mmoja tangu tumzike. Aunty Cheptanui, dadake Mama, amenikabidhi kibuyu cha Mama nitengenezee mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mimi! Miaka yote kazi yangu imekuwa kunywa.

Baba hajaonja mursik tangu mazishi. Jina la Mama halitaji. Ukimtaja, anatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Mchungaji alimwomba aseme neno Jumamosi, akakataa. Inaniuma. Yule mwanamke alivyompenda!

Jumatatu, 9 Desemba
Nimekata kijiti cha mti wa senetwet, nikakichoma, nikasugua kibuyu ndani kwa kaa lake kama nilivyokuwa nikimwona Mama. Kisha maziwa, yakiwa yamechemshwa na kupoa. Sasa ni kungoja yagande.

Becky amenicheka – masizi mpaka puani. Tumeongea habari za Mama tangu asubuhi. Alivyoishika simu mbali na sikio na kupiga kelele, Nakuru nzima isikie. Alivyowapa ng'ombe majina ya wanakwaya waliomshinda sauti. Anyango bado anatoa maziwa mengi. Ng'ombe, si mwanakwaya.

Alhamisi, 12 Desemba
Balaa. Aunty amefungua kibuyu, akanusa, akauliza nilikata mti gani. Nikamwonyesha pale uani, ule wa maua ya njano. Akakaa chini kwa kicheko. Kumbe senetwet iko kule chini mtoni! Huu una maua ya njano pia, lakini ni wa kupamba ua tu.

“Hii umetengeneza ni dawa ya mbuzi,” akasema.

Kuanza upya hakuna muda. Atanunua nyingine sokoni. Nilicheka naye, halafu nikaenda kulia kidogo nyuma ya zizi. Nilitaka Baba anywe kutoka kibuyu cha Mama. Basi.

Jumamosi, 14 Desemba
Niko jikoni, naandika mbio mbio. Hema limejaa. Mzee ndiye hunywa kwanza, kwa hiyo Aunty akampelekea kikombe cha ile ya sokoni. Baba hakukipokea. Akauliza ya kibuyu iko wapi.

Nikamwambia imeharibika.

“Wewe lete tu.”

Nikaleta. Akanywa. Uso ukajikunja, mimi nikatamani ardhi inimeze. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

“Hii ni ya Cherono kabisa,” akasema. “Alipokuja hapa mara ya kwanza alikata huo huo mti. Huko kwao Ndabibi hawakuwa na huu, akadhani ndio senetwet. Nilikunywa wiki nzima na sikusema kitu. Niliogopa atarudi kwao.”

Cherono, jina la Mama. Mwaka mzima, na leo amelisema mbele ya kanisa lote, kwa sauti! Aunty anajifuta macho kwa leso na kucheka pamoja. Moyo wangu umejaa mpaka nimekimbilia hapa jikoni.

Namsikia Baba bado anaendelea kusimulia habari za Mama. Mchungaji ameshaangalia saa mara mbili, na keki haijakatwa. Sasa Becky ameingia: Babu anasema hajafika hata siku ya harusi, na nipeleke kibuyu chote –