Springi Tatu na Ukuta Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Springi imenipasua mdomo. Nilikuwa nimeishika kwa koleo, naivuta ifike kwenye ndoano ya pili, koleo likateleza — pwaa! Damu mpaka mezani. Mdomo wa juu umevimba kama wa mtu aliyetoka kupigana, na sikupigana na mtu.

Nikapigana na sanduku ninaloliunda. Nililibamiza ukutani. Mbao za wiki nzima, gundi haijakauka vizuri, zimetawanyika hadi chumba cha kulala, uvunguni mwa kitanda. Kisha nikakaa sakafuni kuokota skrubu moja moja, kama kuku anayedonoa.

Basi. Mke wangu alipoondoka nilijiapiza: nitavunja vitu, si watu. Mwaka wa tatu huu, kiapo kimesimama. Vikombe ndivyo vilivyokwisha.

Sababu ya yote ni Kiongozi wa bendi. Anasema gitaa langu limekauka, eti kama mtu anagonga ubao. Anataka mwangwi. Mashine za mwangwi za dukani naziona kwenye vioo tu. Lakini mimi ni fundi redio, mwaka wa kumi na tisa kazini. Mwangwi ni nini? Unaingiza sauti upande mmoja wa springi kwa spika ndogo. Inatembea, inagonga mwisho, inarudi, inatembea tena. Upande wa pili kuna kidude cha kuisikiliza, kinaipokea imeshachoka — utamu wake ndio huo. Springi, spika, kidude, sanduku. Mtu mzima nitashindwaje?

Jumatano, 6 Machi

Sanduku jipya. Springi za mwanzo nilizitoa kwenye mizani mbovu, nene mno. Ukipiga uzi mmoja, gitaa linalia kama sufuria iliyoanguka jikoni. Leo nimekwenda kwa shemeji wa mlango wa pili, mke wa jirani yangu, fundi cherehani. Anashona mapazia, kwa hiyo anao ule waya wa springi wa kuyatundikia. Amenikatia vipande vitatu vya urefu mmoja. Aliukata kwa mkono wa kushoto, mkasi unamsumbua. Nikamuuliza tangu lini amekuwa mashoto. Akacheka, akasema mkono wa kulia aliulalia vibaya.

Nyumbani nikauchuna waya ngozi yake ya plastiki kwa wembe. Ndani — springi nyembamba, laini, kama nywele za malaika!

Mumewe akaja jioni kunishikia mbao wakati wa kugundisha. Ni mwashi. Mtaa mzima unamwita Shwari, kwa sababu hajawahi kupaza sauti, hata kwa mbwa. Mikono kama sepetu, lakini ulimi wa asali. Akaliangalia sanduku kwa jicho moja, akasema limeinama upande wa kushoto. Nikapima. Kweli! Akacheka: watu wasipoziba ufa, yeye ndipo anapopata kazi ya ukuta.

Mtu mzuri. Kila mtu anasema hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Limelia! Nimepiga uzi mmoja nikaondoa mkono, sauti ikabaki chumbani peke yake, inatetemeka, kama mtu amesimama mlangoni hataki kuondoka. Nimekaa nikilisikiliza kama mjinga.

Ila lina mvumo. Mmmmm — muda wote, chini ya kila kitu. Nimebadilisha waya wa kidude, nikaweka ule wenye wavu wa kuzuia kelele, nikaunga ethi, waya wa kwenda ardhini. Mvumo ukapungua nusu. Transfoma ya ampifaya iko karibu mno. Lazima sanduku likae mbali.

Jumamosi, 9 Machi

Shwari amenifungia rafu kwenye ukuta tunaochangia na kwao. Skrubu nne. Anatoboa ukuta kama anatoboa siagi. Nimeweka sanduku juu, transfoma iko chini upande wa pili wa chumba. Mvumo kwisha. Kimya kama kaburi. Nimepiga gitaa mpaka vidole vikachanika, na sikutupa kitu hata kimoja.

Jumatatu, 11 Machi

Kosa jipya. Saa saba na kitu mchana, ampifaya imewashwa, gitaa halijachomekwa hata waya — ngurumo! Sanduku zima limenguruma kama bati lililoangukiwa na jiwe. Kimya. Kisha tena. Mara nne. Halafu basi.

Kiungo kibovu cha risasi ya kuunganishia waya, hakika. Nimevichoma upya vyote, kumi na saba. Nimejiunguza kidole gumba, nikakitukana kichomeo mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 12 Machi

Tena! Saa ileile. Mara sita leo.

Nimebadilisha kapasita mbili. Nimebadilisha kidude. Nimelipiga sanduku kofi, likanguruma sauti ileile hasa. Kwa hiyo si saketi. Springi zinatikiswa. Na nani? Hakuna gari kubwa linalopita huku.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimefanya kama inavyopaswa. Sanduku nimelilaza juu ya godoro saa saba kamili. Dakika ishirini: kimya. Nimelirudisha kwenye rafu. Ngurumo.

Nikaweka kiganja ukutani.

Shwari hurudi kula mchana. Redio yao hupandishwa sana saa hiyo, nimezoea, habari na matangazo. Masikio yangu yalisikia redio tu. Kiganja kilisikia kitu kingine. Pwa. Kimya kidogo. Pwa.

Mtu anayepigilia msumari hapumziki vile. Anayepumzika vile anasema neno katikati. Neno la pole pole, anasubiri jibu, kisha pwa. Naijua ile nafasi. Nimewahi kuipima kwa mkono wangu mwenyewe, miaka sita, katika chumba hikihiki.

Simba mwenda pole.

Sikwenda. Niandike kweli. Nilisimama na kiganja ukutani mpaka yakaisha. Baadaye nikamsikia Shwari anatoka, anamsalimia mama wa nyumba ya mbele, anamuuliza mguu wake unaendeleaje.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempigia simu dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyempokea mke wangu siku ile, na mpaka leo akija kwangu hakai, husimama mlangoni. Nikamweleza. Nikamwambia nitaingia mle ndani nimvunje yule mtu mikono yote miwili.

Akasema: "Mdogo wangu, usiende na ngumi. Ngumi zako tunazijua. Muulize mwenyewe anataka nini."

Nikaenda asubuhi, Shwari akiwa kazini. Shemeji alikuwa anapinda pazia. Sikujua nianze wapi, nikaanza na springi. Nikamweleza kosa la sanduku, saa zake, nilivyolilaza kwenye godoro. Mashine ya cherehani ikasimama. Hakukana. Aliniuliza tu kama mtu mwingine amesikia.

Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba ameshapanga kuondoka. Jumamosi Shwari anamwaga zege la ghorofa, hawezi kuondoka hapo tangu asubuhi hadi jua lizame. Ndugu wa kike wa shemeji mwenyewe atakuja na gari kumchukua. Amekuwa akipanga kwa miezi minne. Aliniomba mambo mawili: nimtunzie begi lake, na nisifanye kitu.

"Nipe mpaka Jumamosi, fundi. Siku mbili tu. Akihisi kitu kabla ya hapo, ataniua, na ataniua taratibu."

Nikaahidi. Begi liko chumbani kwangu, chini ya kitanda. Jepesi. Miaka tisa ya ndoa, na linabebeka kwa vidole viwili.

Mchana nilizima ampifaya, nikatoka, nikatembea hadi kituo cha mafuta na kurudi, mara tatu.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunji vidole. Niandike kwa mpangilio, vinginevyo kichwa kitapasuka.

Saa sita na nusu nilikuwa nimeamua kutoka tena. Nilikuwa na viatu miguuni! Lakini nikasema nibaki. Nikasema angalau mtu mmoja lazima awe anajua. Ndivyo nilivyojiambia. Nikawasha ampifaya.

Saa saba na robo ilianza. Nikahesabu. Yalipofika mapigo manane niliizima ampifaya. Nikakaa. Nikaiwasha. Ilikuwa haijaisha, na sauti ilikuwa imebadilika — haikuwa pwa tena, ilikuwa nzito na ya chini, na springi zote tatu zilikuwa zinagongana. Rafu ilitikisika. Kikombe cha skrubu kikatembea hadi ukingoni, kikaanguka.

Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka mlango wao, haukufungwa kwa ufunguo. Redio ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Shwari alikuwa amemshika shemeji nywele kwa mkono mmoja, anakigonga kichwa chake ukutani, pole pole, kama mtu anayejaribu kama plasta imekauka. Alikuwa ananong'ona kitu. Aliponiona akasema, "Karibu, jirani."

Nilimpiga kwa kigoda cha cherehani. Sikioni. Akaangukia meza, sinia likaruka, akainuka na mkasi. Amenichana mkono hapa juu ya kiwiko, sikuhisi. Nikampiga tena, mkasi ukadondoka, nikatupa kigoda. Nilitaka mikono. Nikamkalia kifuani. Ngumi ya tatu au ya nne jino lake lilivunjikia kwenye kifundo cha kidole changu, lipo mpaka sasa, naliona jeupe ndani ya nyama. Akaacha kujikinga. Macho yakageuka. Mimi nikaendelea.

Lazima niandike hili. Alikuwa ameshaacha, na mimi nikaendelea. Na ilikuwa raha. Miaka mitatu ya vikombe na mbao, halafu hii.

Mtu akanishika shati kutoka nyuma, ananivuta. Nikarusha kiwiko bila kugeuka. Kikagonga kitu laini, na kitu kigumu nyuma yake.

Nikageuka. Shemeji alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni, damu inapita katikati ya vidole. Damu ya kichwani ilikuwa kazi ya Shwari. Ya mdomoni ilikuwa kazi yangu. Hakulia. Aliniangalia. Sijaangaliwa vile tangu mke wangu alipofunga mlango.

Akasema, "Nilikuomba siku mbili tu."

Nikaanza kusema pole, shemeji, sikukuona, sikujua ni wewe. Maneno yaleyale. Yananijia yenyewe, yamepangana mdomoni kama nimeyakariri. Alishasimama. Akanipita, akatoka, nikafikiri anakimbilia barabarani, kumbe anakimbilia kwangu, begi lake liko kwangu. Nikamfuata. Nyuma yetu nikasikia Shwari anakohoa, anajiinua, anaburuta mguu hadi uwanjani. Basi njia ya kutokea ikawa yake. Nikafunga mlango mkubwa, nikatia komeo. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameshaingia chumba cha kulala na kujifungia.

Nimepiga simu. Polisi wamesema wameandika, wanatafuta gari. Dada anakuja, yuko mbali, saa nzima labda. Nilimweleza haraka haraka. Akauliza, "Umempiga?" Nikamuuliza anamaanisha nani. Nikajua nimeshajibu. Akasema nisisogee karibu na mlango wa chumba, nikae nilipo, nisimwambie yule mwanamke neno.

Sasa ni saa nane na dakika kumi. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye meza ya kazi. Mlango mkubwa mkono wa kulia, mlango wa chumba mkono wa kushoto. Ampifaya bado imewashwa. Shwari amekuja, yuko nje. Hapigi mlango, anagonga kwa kidole kimoja, na kila anapogonga sanduku linavuma kidogo juu ya rafu. Watu wamesimama uwanjani, nasikia minong'ono, hakuna anayemwondoa. Anaongea kwa shida, mdomo umejaa damu, lakini sauti ni ileile.

"Jirani. Hasira hasara. Mimi sina neno na wewe. Mwanamke ni wangu, na wewe mwenyewe unajua mambo haya. Tumekaa ukuta mmoja miaka sita, ulidhani mimi sikuwa nasikia? Nilisema kitu? Fungua tuyamalize kiume."

Naangalia mkono wangu.

Chumbani kuna kitu kizito kinaburutwa. Kitanda. Anakisogeza mlangoni, anapumzika, anakisogeza tena. Nimesahau alichoniagiza dada, nimesema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, "Shemeji, usiogope. Humu ndani ni mimi tu."

Kitanda kimesimama kidogo. Kisha kimeanza tena kuburutwa, haraka zaidi.