Rangi Iliyohamia Kwenye Mafuta

Mpendwa binti yangu Nasambu,

Mimi mzima, mwili hauna neno. Umeniuliza kama ukubali kazi ya kudumu huko ng'ambo au urudi nyumbani. Jibu ninalo, lakini niache kwanza niongee na wewe, maana hapa sina wa kuongea naye.

Unakumbuka ulipokuja mara ya mwisho? Nilichinja ingokho, yule jogoo mwekundu mwenye kiburi, na imondo yake nikakuwekea wewe kwenye sahani. Baba yako mdogo Lumbasi akaacha kutafuna.

"Shemeji, tangu lini firigisi ya kuku ikaliwa na msichana?"

"Tangu msichana ajue kutoa uraniamu kwenye jiwe," nikamwambia. "Wewe umetoa nini, Lumbasi, zaidi ya ndama zizini?"

Ulicheka mpaka mchuzi ukakupalia.

Kisha nikakuuliza hiyo kazi yenyewe inafanywa vipi, maana mimi nilikuwa na jina lake tu la kutambia. Hukunidharau. Ulininyooshea kidole kwenye sufuria. "Ona, mama. Bizari umeitia kwenye maji, lakini rangi yote imehamia kwenye mafuta." Ukasema nyinyi mnayeyusha mawe kwa asidi, halafu mnayatikisa maji hayo pamoja na mafuta ya taa. Lakini metali haihamii hivihivi kama bizari. Lazima mtie dawa mliyoitengeneza wenyewe, yenye kama mikono, iishike metali moja na kuivusha, nyingine ibaki majini.

"Inajuaje iliyo yake?"

"Kwa ukubwa, mama. Ile inayoenea vizuri mikononi ndiyo inabebwa. Lakini hizi metali adimu zinafanana kama pacha, kwa hivyo tunatikisa na kutenga, tunatikisa na kutenga, mpaka zipishane."

"Kama mimi na ungo."

"Kama wewe na ungo."

Mwanangu, baada ya kuambiwa hivyo, nani angeninyamazisha kanisani? Mama Shikuku alianza kutusimulia mwanawe anavyoendesha trekta ya miwa. Nikamwacha amalize. Nikasema, "Vizuri sana. Wa kwangu anavusha metali kutoka kwa maji hadi kwa mafuta, na zingine zina miali ya kuua, yeye anazishika nyuma ya kioo kinene." Wamama wote wakanigeukia. Mimi niliishia darasa la nne, lakini siku hiyo nilikuwa profesa.

Sasa ona kilichotokea. Watu wameanza kuniletea mawe. Lumbasi ndiye aliyefungua njia, na gunia zima lililofukuliwa na jembe la trekta. "Mtumie mtoto hili, shemeji, atuangalizie." Wakafuata wengine, na rundo limefika dirishani. Najua huwezi kufanya lolote na mawe ya hapa kwetu Malava. Lakini anayeleta jiwe hukaa kidogo, hunywa chai, huuliza habari zako. Nitamfukuzaje?

Maana tangu sukari ianze kuleta pesa, kila mtu amepanda miwa mpaka mlangoni. Zamani nilikuwa nikitoka nje namwona Mama Shikuku akianika mahindi, tunasalimiana kwa kelele kutoka uani hadi uani. Siku hizi naona majani tu. Nasikia mtu akikohoa njiani, nisijue ni nani, na mpaka nifike barabarani ameshapita. Watu wana baiskeli mpya, wana redio, na hawana jioni. Tangu baba yako atutoke, nikipika obusuma, ugali wetu, mkono bado unapima unga wa nyumba nzima. Kinachobaki anakula mbwa, na amenenepa vibaya.

Basi jibu langu. Nilitaka kukuandikia "kaa," kwa sababu jina lako likiwa mbali linasikika kubwa zaidi. Nimeshindwa. Rudi, Nasambu. Hapa hakuna maabara yako, najua, lakini Nairobi kuna chuo kikuu, na kuna watoto wa wenzako wa kufundishwa. Sikuiti kwa ugonjwa, bado nalima. Sikuiti kwa shida, chakula kipo. Nakuita kwa sababu nakutaka.

Kanisani nitawaambia serikali imekuomba urudi, haiwezi tena bila wewe, na wataniamini. Wewe ujue ni mimi tu niliyeomba.

Mungu akushike mkono njiani.

Ni mimi mama yako,
anayekusifu kwa watu na kukulilia peke yake.