Mstari Uliokataa Kutulia

Buzuruga, Mwanza
14 Agosti 1996

Kaka yangu mpendwa Shigela,

Shikamoo. Wifi na watoto hapo Magu hawajambo? Sisi tunaamka, Bwana asifiwe. Malaria ilimlaza mume wangu Ngosha siku tatu, sasa anakula.

Kaka, nimesikia ulitoa shukrani kanisani kwa sababu nimepandishwa cheo. Naomba usome hadi mwisho.

Unajua nilikuwa naosha chupa maabara, kiwanda cha minofu ya samaki. Ipo mashine inayopima kama sangara bado ni mbichi kabla hajasafirishwa. Inachora mstari kwenye karatasi, na mstari usipotulia majibu hayasomeki. Maji yanayopita ndani yake tunayatia chumvi ya kitaalamu, nayo haitaki haraka. Marehemu mzee Yunus, aliyekuwa mpimaji wetu, alinionyesha: unaacha yapite tangu asubuhi hadi adhuhuri, ndipo uanze, na sampuli ya samaki unaichanganya na maji yaleyale ya mashine, siyo maji matupu.

Mzee alipofariki nilijihesabia kiti chake. Akaletwa Gladness, binti wa miaka ishirini na minne mwenye stashahada. Meneja wetu, Bwana Iqbal, alimwita mtaalamu. Mimi nikabaki mama wa chupa. Hata namna alivyofunga vifungo vya koti lile jeupe la maabara iliniudhi.

Binti alikuwa anaanza kupima baada ya nusu saa, tena kwa maji matupu. Mstari ukawa unapanda na kushuka. Alifungua pampu, akabadilisha mipira ya maji, wapi. Akanifuata akaniuliza, mama, mzee alikuwa anafanyaje? Nikamwambia mimi ni wa darasa la saba, msomi ni yeye. Akacheka kidogo, akasema basi tuiombee mashine. Nikafumba macho, kaka, tukaomba.

Bwana Iqbal alimpa hadi Ijumaa. Ijumaa mstari ukayumba, akafukuzwa. Jumatatu niliwasha mashine, nikasubiri hadi adhuhuri, nikachanganya kama nilivyofundishwa. Mstari ukalala kimya. Meneja akanivalisha koti mwenyewe, wenzangu wakapiga makofi.

Sikuwa nimesahau, kaka. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza ili aondoke.

Gladness yuko kwao hapo Magu, jirani na zahanati ya misheni. Ukurasa wa pili nimemwandikia hatua zote za mashine, na kosa langu juu kabisa. Tafadhali mpelekee mkononi. Kesho naingia kwa Bwana Iqbal kumweleza na kumrudishia koti. Akinifukuza na mimi, usimlaumu.

Nimefunga siku mbili nikiomba wivu huu unitoke. Haujatoka. Siku ile akiondoka alinishika mikono miwili, akanishukuru kwa kuomba naye, na hata huo moyo wake ninamwonea wivu.

Wabusu watoto, na wifi umwambie namkumbuka katika sala. Nanyi mniombee.

Mdogo wako,
Odeta